Kona Thelathini na Saba

Mjukuu wangu Swalehe,

Mwaka 1992 nilimpoteza mdogo wangu Yusufu, pamoja na Landrova yangu, kwenye barabara hiyohiyo ya mlimani unayotaka kuipanda na wenzako wa chuo. Hapa Nyamirambo, Kigali, hatujambo, ila goti linamsumbua bibi yako. Anakusalimu.

Unauliza kwa nini nakukataza. Barabara ile mababu zetu waliichimba kwa majembe, kwa amri ya Wabelgiji. Ina kona thelathini na saba, na upana wake ni wa gari moja. Kila kona dereva hupiga honi mara mbili, kisha husubiri asikie kama kuna gari upande wa pili litakalomjibu. Siku ile tulikuwa tunashuka na maharage kuja Kigali, na vita havikuwa mbali. Yusufu akaniambia, "Kaka, acha hiyo honi. Unawaita askari waje kula maharage yetu?" Nikacheka, nikaacha. Kwenye kona ya ishirini na tatu tukakutana na lori.

Mimi nilirushwa nje. Yusufu alikwenda na gari bondeni. Dereva wa lori alikaa kwenye tope, akawa anarudia, "Na mimi nilinyamaza, ndugu yangu. Niliogopa askari." Askari hawakuwepo.

Mpaka leo majirani wanasema nilikuwa na haraka. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi na dereva yule wa lori tulinyamaziana tu, watu wawili wenye hofu moja.

Mama yako anasema umeshakodi gari, lakini mimi hukuniambia. Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana: unakwenda, au huendi?

Babu yako