Picha Nane za Harusi ya Agustina

Jumatatu, 6 Januari 1975

Nimeanza kazi kwa baba mdogo Filemoni, studio yake hapa Tarime mjini. Sikuchaguliwa sekondari. Baba alisema bora nijifunze kupiga picha kuliko kukaa kijijini Susuni nafukuza ndege mtamani. Sawa.

Studio ni chumba kimoja, na nyuma kijichumba cha giza cha kuoshea picha. Ukutani pazia lililochorwa ghorofa na maua. Koti moja, saa moja ya mkononi, redio moja isiyo na betri. Kila mteja anavaa koti lile lile! Leo wamelivaa watu sita, mimi ndiye ninayelitundika. Linanuka kwapa za watu sita. Saa ni mbovu, imesimama saa nne kasorobo. Kwa hiyo Tarime nzima imepigwa picha saa nne kasorobo.

Bwana harusi mmoja alitabasamu. Baba mdogo akamwambia, "Funga mdomo, kijana, unaoa, hunywi uji." Akaufunga. Mke wake naye akaufunga. Wakatoka kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu.

Kinyaa. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 10 Januari

Leo nimekosea, na kosa limenifurahisha.

Maharusi kutoka Nyamongo. Baba mdogo alikuwa ameshika pazia lisipeperuke, akaniambia nibonyeze mimi. Nilikuwa bado natafuta kitufe, nikachelewa. Aliposema "basi, tumemaliza," ndipo nikabonyeza. Bibi harusi alikuwa ameinama anavua kiatu kilichombana, mume amemshika kiwiko asianguke, wote wanacheka.

Picha ilipotoka niliitazama muda mrefu. Wako hai! Baba mdogo akasema hiyo ni picha ya mguu, akaichana. Niliokota vipande, nimevibandika humu kwa ugali.

Nataka kupiga hivi. Watu wanafanya wanachofanya, mimi nangoja. Bila pozi, bila koti la mtu mwingine.

Jumapili, 12 Januari

Nimekuja nyumbani kusali. Dada Agustina anaolewa Jumamosi na mwalimu Nikolaus. Baba mdogo ndiye mpiga picha, na gauni jeupe ni la studio, lile lile la wote.

Mchana alikuja mwenyekiti wa kijiji, ndugu Nikodemo. Anataka picha moja ya kutundika ofisini: harusi ya kijiji cha maendeleo. Basi redio iwekwe mezani, baiskeli iegeshwe karibu, vyungu vya pombe visionekane. Halafu akamtazama bibi. Bibi ana masikio ya zamani, yale ya kutobolewa na kuvutwa, yanagusa mabega. Mwenyekiti akamwambia baba, mama yetu huyu ajifunge kitambaa masikioni, au siku hiyo akae jikoni tu.

Baba akajibu, "Ndiyo, ndugu mwenyekiti." Ndiyo! Mama yake mzazi!

Bibi hasikii Kiswahili vizuri. Aliniuliza amesema nini. Nikasema amekusalimia. Nimejichukia mpaka sasa.

Bibi hajawahi kupigwa picha maishani. Aliuliza kama inauma. Akasema anataka moja tu, yeye na Agustina, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea Agustina wakati mama alipokuwa mgonjwa, na sasa Agustina anaenda mbali. Nikamwambia ipo, nitaipiga mimi mwenyewe.

Nimeahidi kitu ambacho si changu.

Ijumaa, 17 Januari

Baba mdogo amenipa ile kamera ya zamani ya sanduku. Picha nane tu. "Piga watoto na wapishi. Wapange mistari, wafupi mbele."

Nimeitikia. Sitampanga mtu yeyote.

Jumapili, 19 Januari

Harusi imepita. Nimechoka na nina hasira, nitaandika kwa utaratibu.

Aibu yangu imenifaa. Nikisimama ukutani hakuna anayeniona. Nimempiga mama akipuliza moto, machozi ya moshi yanamtoka. Nimempiga baba amelala kwenye kiti saa tatu asubuhi kabla hata ya kwenda kanisani. Nimewapiga mashangazi wanagombania sufuria. Sikumwambia mtu tazama huku.

Kabla ya kwenda kanisani bibi alimwita Agustina mlangoni. Hii ni yetu ya siku zote: bibi anajaza mdomo pombe ya ulezi, anampulizia mjukuu anayeolewa kifuani, ndiyo baraka. Baba mdogo alikuwa upande wa pili anapanga viti na redio. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, juani. Bibi hakuwa na kitambaa. Dada alifumba macho. Nikabonyeza. Nikazungusha filamu, nikabonyeza tena.

Baba mdogo akaja mbio. "Mmeanza bila mimi? Rudieni! Mama, weka maji, jifanye tu, usiteme kweli, gauni!"

Bibi akasema kwa Kikurya, nami ndiye niliyetafsiri, sauti yangu ndogo kama ya mbu: nimeshampa. Nikimpa tena maana yake ile ya kwanza nimeichukua.

Wakamcheka. Mwenyekiti akasema mama huyu ana siasa kali. Unajua walichofanya? Walimchukua mama Teresia, mke wa katibu, kwa sababu ana kilemba kizuri na viatu. Wakampa kikombe kitupu ajifanye ndiye anayebariki. Akasimama karibu na dada akikiinua. Baba mdogo akapiga. Mama Teresia hajawahi hata kumbeba Agustina!

Halafu kuagana. Dada alilia kweli, mama alilia kweli, na filamu ya baba mdogo ikaisha. Akaomba wangoje. Akabadilisha. Akasema, haya, lieni. Nao, jamani, walilia! Shangazi alijipaka mate machoni. Niligeuka nikaenda nyuma ya nyumba.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimeosha filamu yangu kwenye chumba cha giza, baba mdogo alikwenda Sirari kununua karatasi.

Ya sita ni baraka. Imetoka. Masikio ya bibi, mashavu yamejaa, pombe imetoka kama uzi mweupe hewani, dada amefumba macho kama mtoto anayenawishwa uso. Nililia peke yangu mle ndani.

Ya saba.

Ya saba ni baada ya hapo. Bibi amegeuka kuweka kibuyu chini. Nyuma yake dada anajifuta kifua kwa leso. Nilidhani ni wasiwasi wa gauni. Lakini uso! Pua imekunjwa, mdomo umepinda. Uso wa mtu aliyekanyaga mavi. Dada yangu.

Siku ile sikuona. Nilikuwa nimeinamia kamera, mle ndani watu ni wadogo kama siafu. Kamera ndiyo iliyoona.

Jumatano, 22 Januari

Nilichukua kiberiti. Nikakata negativu ya saba, kile kipande cha filamu chenyewe, nikaiweka juu ya sahani.

Sikuiwasha. Nikiiwasha, mimi na ile redio isiyo na betri tuna tofauti gani? Lakini pia, bibi akiiona, atakufa na picha ipi ya dada?

Sijala. Ugali unanuka dawa.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika ndani ya chumba cha giza. Nimefungua dirisha, picha zangu mbili zimeshatoka kwenye dawa ya mwisho, ziko kwenye maji. Zote mbili. Asubuhi nilizichapa zote, sijui kwa nini.

Wamekuja na basi: dada, shemeji Nikolaus, na bibi. Nilimwamkia bibi shikamoo, akanishika kichwa. Baba mdogo akapanga picha zake mezani. Dada alifurahi, "Ona redio! Ona baiskeli!" Shemeji akasema imetoka kama ya wazungu.

Bibi alizipitia moja moja, kidole juu ya kila uso. Anajitafuta. Alipofika kwa mama Teresia na kikombe chake, kidole kilisimama. Akauliza, huyu amempa mjukuu wangu nini? Shemeji alikohoa.

Ndipo akanigeukia. Zako ziko wapi, Ghati? Pale mlangoni nilisikia chombo chako kikilia mara mbili.

"Mara mbili?" dada akasema. Akanitazama. Akajua. Niliona mkono wake unapanda kifuani, unajificha kwenye khanga.

Nikasema, "Zinaoshwa." Kwa sauti! Mpaka baba mdogo akashtuka.

Nikakimbilia huku ndani, naye baba mdogo akanifuata. Aliinama juu ya beseni, akazitazama muda mrefu. Nilingoja anichape. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi, "Hii ya bibi ni nzuri kuliko zangu zote. Ile nyingine, unadhani mimi sijawahi kuwa na ile nyingine? Kila harusi ninayo. Mimi huchagua, Ghati. Sasa chagua wewe." Akatoka, nikakomea mlango.

Namchukia. Anataka nifanane naye, tena ndani ya dakika tano.

Bibi anaita. Nasikia dada anamwambia aache, Ghati atatuletea siku nyingine, basi litatuacha. Sauti yake si ya kawaida. Bibi anajibu kwamba basi lingoje.

Nimezitoa kwenye maji. Zimegandana, sura kwa sura. Nikizivuta kwa haraka zitachanika zote mbili, na mlango sasa unasukumwa, na si mkono wa baba mdogo, ni wa dada, anasema polepole, "Mdogo wangu, nifungulie, nizione mimi kwanza—"