Nilivyowaongoza Wapiga Fidla

Kaka, shikamoo.

Ukoo wetu haujazaa bingwa wa muziki kama mimi, na wewe uliyefukuzwa kwaya usibishe. Baada ya tetemeko walikuja wapiga fidla kutufariji. Nilisimama mbele yao, kwenye kifusi cha nyumba yetu, nikiwapungia mwiko.

Mzee wao akacheka. "Kijana, tukufuate wewe?"

"Nifuateni, babu, na mkazane!"

Baba alikuwa amelaza sikio kwenye matofali. Mama alikuwa hai chini ya kifusi, akigonga sufuria ili tujue pa kuchimba. Baba akainua mkono. Nikadhani muziki umemkolea, nikawaambia waongeze sauti.

Kumbe alikuwa anatuomba tunyamaze. Walipomaliza, mama alikuwa hagongi tena, na hatukujua pa kuchimba.

Mdogo wako