Mtu wa Saba wa Kaya Yetu

Salale,
Rufiji.
18 Desemba 1994

Mpendwa Shangazi Mwanamkuu,

Shikamoo. Hamjambo huko Tanga? Mguu wako umepoa? Sisi ni wazima. Bibi Sijaona bado anakohoa, ila hataki kunyang'anywa mchi.

Mimi sijaona jua tangu nilipomaliza mtihani wa darasa la saba. Nilimaliza Ijumaa, Jumamosi nikawekwa ndani. Wewe nawe ulikuwa mwali, ukafungiwa ndani baada ya kuvunja ungo, sina la kukueleza.

Wiki iliyopita alikuja dada mtafiti kutoka Dar es Salaam, jina lake Elinipendo. Anapita kila nyumba kuuliza kama shule inabadili maisha: kama mama aliyesoma anavuna zaidi, kama watoto wake wanapona homa. Nilimsikia barazani.

"Mko wangapi humu?"

"Sita," baba akajibu.

"Aliyemaliza la saba?"

"Hakuna. Vijana waliishia la nne wakaenda kuvua kambamiti. Kamba anaulizia cheti?"

Baba hakukusudia uongo, najua. Mwali aliye ndani hatajwi mbele ya wageni. Lakini Shangazi, mimi huyu niliyekuwa nikijibu darasani kwa kunong'ona, nilipaza sauti: "Tuko saba! Na la saba nimemaliza!"

Bibi akaniziba mdomo kwa khanga. Baba akasema, "Kuku tu huyo."

"Kuku wenu kasomea shule gani?" dada akauliza.

Majirani waliokuwa barazani walicheka, baba hakucheka. Nikachungulia kwenye ufa: dada alikata sita, akaandika saba.

Tangu siku hiyo baba hasemi nami, na Bibi anasema nimetia nyumba aibu. Sijuti. Nani alisoma mizani ya mnunuzi wa kamba mpaka akaacha kumpunja mama? Tusipoandikwa sisi tulio ndani, makaratasi yatasema wasichana wa delta hawasomi. Nani atatujengea shule basi?

Sasa sikia lililonifanya niandike. Mwalimu Donati ameleta habari kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari, msichana peke yangu shuleni kwetu. Natakiwa kuripoti tarehe tisa Januari. Baba anasema nitatoka baada ya mavuno, wakati shule itakuwa imeanza zamani. Mwali hutolewa na shangazi yake, nawe ni dada mkubwa wa baba, hawezi kukukatalia. Njoo unitoe kwa ngoma na heshima zote, nitafurahi. Usipokuja nitatoka mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, na uso sitaufunika.

Barua hii Mwalimu Donati ataiposti Kibiti.

Nisalimie Mjomba Zaidi. Mwambie mwanao, dada Tatu, sare zake za zamani za shule asimpe mtu.

Mungu akulainishie njia, Shangazi, na akufikishe kwetu kabla ya tarehe tisa.

Mwanao akupendaye, mtu wa saba,

Kudra Haidari