Shingo Niliyoifuta kwenye Picha

Mpendwa Shangazi mshauri, nishike mkono, aibu imenijaa hadi siwezi kumtazama mdogo wangu usoni. Mimi ni fundi wa picha studio, kazi yangu kufuta chunusi na makovu ya watu kwenye kompyuta, na tangu usichana nina vipele vya njano shingoni, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, basi navaa kola mwaka mzima na kwenye picha zetu zote za nyumbani nimejisafisha. Sasa mdogo wangu, fundi cherehani, naye vimemtoka, tena mshono ulionyooka anauona umepinda. Nikampeleka hospitali, daktari akampaka jeli shingoni, akapitisha kifaa kama kile cha kupimia wajawazito, tukaiona ngozi kwa ndani kwenye skrini, bila sindano wala wembe, akasema anashuku ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu nyuzi za ngozi na kufika hadi machoni. Akauliza, "Kwenu yupo mwingine mwenye hivi?" Nikajibu, "Hapana, daktari," na kifungo cha juu nimekifunga! Akaomba picha za zamani za familia, nikampelekea zile nilizozisafisha. Akakuna kichwa, akasema kama ni yeye peke yake basi hana uhakika, Alhamisi atakata kipande cha ngozi akapime. Njiani mdogo wangu akaniambia, "Dada, kumbe niliyeharibika ni mimi tu." Nikaivuta kola juu zaidi. Nianzie wapi?

Mwenye Kola

Mwenye Kola, pole. Kujificha miaka yote hiyo kunachosha, na watu wana midomo. Lakini sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: ulikosea vibaya. Kufuta shingo yako ni shauri lako. Hapo kwa daktari ulichezea macho ya mwenzako, na macho hayo ndiyo yanayomlisha!

Usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi nendeni wote, ubebe picha ambazo hukuzigusa, najua unazo, fundi hatupi picha ya kwanza. Sema, "Daktari, nilikudanganya." Akikufokea, vumilia. Nawe ulale upitishiwe kile kifaa, kisha mpimwe macho wote wawili, maana hata wewe unayo, au umesahau? Akiona bado lazima akate, aamue akiujua ukweli.

Ila leo jioni, kabla ya yote, kaa na mdogo wako, ufungue hicho kifungo. Usimpe hotuba, mwache aone. Akimaliza kulia na kukugombeza, mwombe akushonee blauzi isiyo na kola.