Mukono wa Nkambo Uko Ukutani

Kalemie

Mudogo wangu Mauwa,

Huko Kiambi wamekufunga kamba muguuni? Tangu nilipokuja huku kwa Zawadi kulea wajukuu, hata kivuli chako sijaona. Nyunzu unafika, Kabalo unafika. Kalemie njo iko na miiba? Nimekasirika sana. Sasa nimemaliza. Uko muzima? Ule mugongo? Na bwana yako, bado anakohoa? Sisi tuko wazima, magoti yangu tu njo yanapiga kelele. Zawadi anaandika vile ninavyosema, nimemukataza kupamba.

Sikia. Mukwe wangu, huyu wa gari la moshi, amepata kongé, kazi imemupumuzisha. Juzi tukiwa tunakula akasema: "Mama, Jumamosi ni salongo, tutafagia barabara na watu wote, lakini siku ya Mungu tupeleke watoto kuona shato ya zamani."

Nilicheka mpaka bukari ikanipalia. Shato! Ile ya maji pale kilimani, inavuja kila siku, mbuzi wanakunywa chini yake! Nikamuambia: "Papa, kweli tuchinje kuku ju ya kwenda kutazama tanki?"

Wajukuu wakaanguka chini kwa kucheka. Zawadi akasema: "Mama, shato haiko ya maji tu. Wazungu wanaita vile nyumba kubwa ya vita."

"Basi museme boma!"

Kumbe ni ile boma ya bapadri kule kando ya ziwa, njia ya Moba. Mauwa, niliacha kula. Njo kule walimupeleka nkambo wetu, mama ya mama, kumuficha akiwa mutoto, wakati watu walikuwa wanakamatwa na kuuzwa. Unakumbuka? Alibeba matofali mabichi, akakandamiza mukono wake juu ya moja. Walimupiga kofi, lakini tofali wakalichoma, wakalijenga. "Mukono wangu uko ukutani," alikuwa anasema, na sisi tunamuita muongo.

Mukwe anasema kuna chumba cha vitu vya zamani, wanakiita mize: mikuki, kengele, viti vya machifu. Nikauliza nani anavikalia. "Hakuna, Mama, ni vya kutazama." Kiti cha kutazama! Hiyo nitaenda kuona mwenyewe, na nitauliza kama kinachoka.

Lakini mimi ninatafuta tofali. Mulinzi wa pale alimuambia mukwe kama matofali yenye mikono ya watoto yapo, tena mengi, karibu na mulango wa ziwani. Mavuno yakiisha watapaka ukuta wote simenti, yatafunikwa.

Sasa mukono wa nkambo nitaujuaje? Kidole kidogo! Kile kilichojikunja kama ndoana. Mama hakukipata, mimi sikukipata. Weye njo ulikipata, na tulikuwa tunakucheka. Leo ninakililia. Mukono wako ni mukubwa, lakini kujikunja ni kule kule.

Bila weye hatuendi. Mukwe alitaka siku ya Mungu inayokuja. Nimekataa, na kuku nimewaficha kwa jirani. Kamyo ya mizigo ya kutupeleka tumeshapata, mutumbwi hapana, Zawadi anaogopa maji.

Unisalimie bwana yako na kifua chake, kaka yetu mufuma nyavu, na mwalimu anayekusomea hii. Asome kwa nguvu, masikio yako ninayajua.

Ni mimi mukubwa wako, niliyekubeba mugongoni ukanikojolea,
Mama Sangwa

Kuja kabla mavuno hayajaisha. Tukifika ukutani, mulinzi atakuambia haikubaliwi kugusa. Usimujibu. Weka mukono.