Mwethya Kwenye Daraja la Kisiwani

Kanada, 30 Machi 2025

Dada Kalondu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hapo Matinyani mko aje? Goti lako limepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka.

Hili daraja nililoajiriwa kuangalia ni la zamani, linageuzwa kwa mikono. Unasukuma mti mrefu, linazunguka kama lango, mashua zinapita, halafu unalirudisha watu wa kisiwani wavuke. Baridi ya mwaka huu imelikaza. Jana nilisukuma mpaka giza likaingia. Wapi! Wenyeji wananitazama tu kwa madirisha. Mwezi wa tano wakubwa wanakuja kulijaribu. Likikataa, wanalifunga, na kazi yangu imeisha. Niombee.

Ndugu yako,
Mutie

Matinyani, 13 Aprili 2025

Ndugu yangu Mutie,

Mungu ni mwema. Hujambo huko kwa barafu? Huku mvua imenyesha, ndengu zimeota. Goti linauma nikipiga magoti, kwa hivyo nakuombea nikiwa nimesimama.

Sasa nikuulize: hao watu uliwaita? Ama unangoja waote kama ndengu? Lile bwawa letu la mchanga pale mtoni, nani alibeba mawe ya ukuta peke yake? Ita mwethya, mfanye kazi pamoja. Lakini mwethya hauitwi na chungu tupu. Jirani yetu Kimeu aliita watu bila kupika, wakalima mistari miwili, wakakumbuka wana matanga. Pika isyo, mahindi na maharagwe, hata ya dukani. Bisha kila mlango. Si daraja peke yake limekaza, hata shingo yako.

Dada yako,
Kalondu

Kanada, 11 Mei 2025

Dada yangu,

Bwana asifiwe. Goti je?

Nilipika sufuria kubwa ya isyo, nikabisha kila mlango, nikaogopa nitaila peke yangu wiki nzima. Wa kwanza kuja ni mama mzee ambaye hajawahi kunisalimia. Akaniambia, "Tulidhani hutaki msaada. Kila siku unatugeuzia mgongo." Nikamjazia sahani. Wengine wakafuata. Nikaimba wimbo wa mwethya, wakaitikia vibaya kabisa, tukasukuma. Daraja likalia kama punda, likazunguka!

Wakubwa walipokuja Alhamisi walikuta watu wameushika mti, mama mzee akitoa amri. Tumepewa mwaka mwingine, daraja na mimi.

Sasa wanauliza mwethya mwingine ni lini. Nataka kuwapikia ndengu, na sijui kama zinalowekwa kwanza. Tafadhali nijibu upesi.

Ndugu yako,
Mutie