Kwa Ndambuki, Aliyepaka Ubavu wa Kushoto

Mwaka umetimia tangu utuache, Titus Mwololo Ndambuki, asubuhi ya Jumanne, mkeo Kavata akiwa ametoka wodini kukutafutia maji ya moto. Aliporudi na chupa mkononi ulikuwa umeshakwenda. Hukupenda kuaga. Hata ukienda kazini ulifunga geti polepole usimwamshe mtu.

Kwa miaka thelathini na mmoja ulipaka rangi ndege ndogo pale uwanja wa Wilson. Majirani wa Mountain View walikujua kwa kucha zako, wiki hii za buluu, wiki ijayo nyekundu. Ulipenda muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliolala usiku mmoja. Watoto wakileta ripoti za shule ulisoma kwanza maoni ya mwalimu, alama baadaye. Kavata alikuomba upake ukuta wa jikoni ukamwambia utapaka Krismasi. Zilipita Krismasi tisa.

Tungependa kuishia hapo. Lakini mwaka huu jina lako lilichafuliwa, na waliosikia uongo ni wengi kuliko waliosikia ukweli.

Kulikuwa na ndege moja uliyoipenda kuliko zote, ya viti vinne, nyeupe yenye mstari mwekundu. Ilitoka kiwandani kabla hujazaliwa, na bado ilikuwa na rangi yake ya kwanza. Mwenyewe alikuwa Wahome wa Kitisuru, rafiki yako. Alikula kwetu Jumapili nyingi, na siku ya mazishi alishika jeneza upande wa kichwa.

Miaka mitatu iliyopita mkaguzi alisema herufi za usajili za ndege hiyo ni ndogo na zimefifia. Kanuni zinataka zisomeke kutoka mbali. Bila hivyo haingeruka. Wahome alitaka ndege ikwanguliwe yote, ipakwe upya. Wewe ulimsihi. Ulimweleza kwamba kanuni inadai herufi tu, na kwamba rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi. Akakubali.

Ulipoanza kuandika herufi mpya ukakuta bati la ubavu wa kushoto limeliwa na kutu chini ya rangi, kuanzia mlangoni hadi mkiani. Hukuwa na budi. Ulikwangua upande ule, ukatibu bati, ukachanganya rangi kwa siku nne mpaka ikalingana na ile kuukuu. Jioni ya siku ya mwisho ulimwambia Kavata kwamba hata wewe mwenyewe huoni tena mahali mpya inapokutana na ya zamani. Ulikuwa umefurahi mno. Ukamwambia pia kwamba Wahome umemweleza, na ameelewa.

Miezi mitano baada ya kukuzika, Wahome aliiuza ndege kwa Kui, mama wa Nanyuki anayetunza ndege za zamani. Alimhakikishia kwamba rangi yote ni ya kiwandani. Kui alipoipima kwa kifaa chake akagundua kwamba ubavu wa kushoto ni mpya, akampigia simu. Wahome akajibu kwamba hata yeye alidanganywa. Kwamba fundi wake, marehemu, alipaka kwa siri ili kuficha kutu, akaenda na siri hiyo kaburini.

Neno hilo lilizunguka karakana zote. Oloo, mkuu wa karakana yako, alizishusha brashi zako ukutani akazituma nyumbani ndani ya katoni ya sabuni, bila barua. Mwanao Mwanzia alizipokea getini, akaingia ndani na kumwuliza mama yake kama ni kweli. Shaka ilikuwa imeingia hadi ndani ya nyumba yako.

Kesho yake Kavata alivaa nguo zake za kanisani akaenda Kitisuru. Wahome alimkaribisha kwa chai, akamwuliza hali ya watoto. Kavata hakuigusa ile chai. Alimwuliza kwa nini alikusingizia. Wahome akasema kwa upole, kama mtu anayefariji mfiwa:

"Mama Mwongeli, Ndambuki hawezi kuumia tena. Mimi bado naishi na hawa watu."

"Kwa hivyo ulimtafuta asiyeweza kujibu," Kavata akasema.

Kavata aliondoka kwa miguu mpaka barabarani, akijiuliza ni Jumapili ipi, kati ya zile zote, mtu yule alikuwa rafiki kweli.

Mwongeli, binti yako, anafanya kazi ofisini mjini na anajua mambo ya makaratasi. Alimwambia mama yake kwamba ndege haiwezi kubadilishwa herufi bila kadi ya kazi, na kadi lazima iwe na sahihi ya mwenye ndege. Wakaenda kwa Oloo. Akasema mafaili ya zamani yamehamishwa. Kavata akaketi kwenye kiti cha wageni, akamwambia atayangoja hapo hapo mpaka yarudi kutoka huko yaliko. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Ilipogonga saa tisa Oloo aliinuka, akafungua kabati lililokuwa nyuma ya kiti chake, akaitoa kadi bila hata kutafuta.

Mwandiko ulikuwa wako: "Ubavu wa kushoto, mlango hadi mkia, rangi si ya kiwandani. Imepakwa upya. Mwenye ndege amejulishwa." Chini yake, sahihi ya Wahome.

"Ulijua iko hapa?" Mwongeli akauliza.

"Nilijua," Oloo akasema, macho chini. "Wahome ni mteja wetu mkubwa. Nilidhani maneno yataisha yenyewe."

Ulifanya kazi naye miaka kumi na minane, Ndambuki. Ulimsimamia kwenye harusi yake.

Kavata alimpigia Kui simu, naye akaja mpaka Mountain View. Aliisoma kadi mara mbili mezani kwetu. Akasema rangi yako haitaondolewa, na kwamba ataandika maneno yako kwenye daftari la ndege, pamoja na jina lako. Wiki hiyo hiyo Oloo aliwakusanya mafundi akawasomea kadi kwa sauti. Wengine walikuja nyumbani kumwomba Kavata radhi. Mwanzia alilia siku ile kuliko siku tuliyokuzika.

Wahome alituma ujumbe wa neno moja: "Tusameheane." Kavata aliusoma, akamwonyesha Mwongeli, akausoma tena. Alitaka kujua sisi tulimkosea nini. Hajaujibu mpaka leo.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii, saa nne asubuhi, kanisani kwetu. Wahome akitaka kuja na aje. Kanisa ni la Mungu. Chakula baadaye kitakuwa nyumbani, na nyumbani hatujamwalika.

Ni sisi tunaokulilia bado: mkeo Kavata; wanao Mwongeli na Mwanzia; ndugu yako Kitavi na jamaa wote wa Makueni; na Kui, ambaye hakuwahi kukuona.

Hutatutoka moyoni, Baba Mwongeli, wala hutasingiziwa tena sisi tukiwa hai.